Ute wa yai uliochemshwa bado unatoa rangi ya zambarau: protini imevunjika au imebadilika umbo tu?

MwanafunziNjombe

Shikamooni wakubwa wote mliomo humu, na salamu kwa wenzangu. Ninasoma kidato cha tano hapa Njombe, tahasusi ya Kemia, Baiolojia na Jiografia. Tumeanza mada ya molekuli zinazojenga viumbe hai, na kuna jambo limetutatiza mimi na wenzangu baada ya kutoka maabara.

Tulipima protini kwa kipimo cha biureti. Tulichukua ute wa yai bichi, tukauchanganya na maji, tukaongeza sodiamu haidroksaidi na kisha matone machache ya kopa salfeti, na rangi ikageuka kutoka bluu kuwa zambarau kama kitabu kinavyoeleza. Mwenzangu mmoja akapendekeza turudie kwa ute wa yai lililochemshwa hadi likaiva kabisa. Tuliuponda ukawa chembechembe na tukafanya yaleyale. Rangi ilichelewa kidogo, ikaanza kwenye kingo za vile vipande vyeupe, halafu ikaenea hadi ikawa zambarau ileile.

Hapo ndipo tulipokwama. Tumefundishwa kwamba joto huharibu protini, na mtu yeyote anaona kwa macho kwamba ute ulioiva si ule wa kwanza: ulikuwa majimaji na unapitisha mwanga, sasa ni mgumu na mweupe, na hata ukipoa haurudi. Kama protini imeharibika, kwa nini kipimo bado kinasema ipo? Je, joto limeikata kuwa asidi amino, au kuwa peptidi, au kuna kitu kingine kimetokea?

Naomba pia mnisaidie kuelewa tofauti kamili kati ya asidi amino, peptidi na protini, pamoja na zile ngazi nne za umbo la protini, kwa sababu nimezikariri lakini sizioni zikifanya kazi. Na je, maziwa yanapoganda kuwa mtindi, kinachotokea ni kilekile kinacholipata yai jikoni? Natanguliza shukrani.

MwalimuMstaafu_Iringa

Marahaba, mwanangu, na kamwene kwa majirani wa Njombe. Nimefundisha Baiolojia na Kemia hapa Iringa hadi nikastaafu, na nakusihi usiliache swali hili mpaka likae vizuri, kwa sababu mwanafunzi akishalielewa, sehemu kubwa ya mada inamfungukia. Katika yai lililochemshwa, mnyororo wa protini haujakatika. Kilichopotea ni umbo la mnyororo huo. Biureti haijui umbo. Inachotambua ni vifungo vinavyounganisha asidi amino moja na nyingine, na vifungo hivyo bado vipo karibu vyote.

Tuanze na asidi amino yenyewe. Katikati yake kuna atomu ya kaboni iliyoshikana na vitu vinne: kundi la amino lenye naitrojeni, kundi la kaboksili lenye tabia ya asidi, atomu moja ya haidrojeni, na tawi la pembeni ambalo vitabu huliandika kwa herufi R. Tofauti zote kati ya asidi amino moja na nyingine zinatoka kwenye R. Kwenye glaisini, tawi hilo ni haidrojeni tu, ndiyo maana ni ndogo kuliko zote. Valini, lusini na fenilalanini zina matawi yanayokwepa maji. Lisini ina tawi refu linaloishia na chaji chanya, asidi ya glutamiki ina chaji hasi, na sisteini imebeba salfa. Prolini ni ya namna yake, maana tawi lake limezunguka likajifunga kwenye naitrojeni yake yenyewe, na kwa hiyo kila inapokaa huuwekea mnyororo kona. Asidi amino za kawaida ambazo seli hutumia kujengea protini ni 20, na ningependa uzipange kwa tabia za matawi kabla ya kukariri majina, kwa sababu umbo lote la protini linatokana na tabia hizo.

Asidi amino mbili zinapoungana, kundi la kaboksili la moja hukutana na kundi la amino la nyingine, molekuli moja ya maji hutoka, na kaboni ya ile ya kwanza hushikana na naitrojeni ya ile ya pili. Hicho ndicho kifungo cha peptidi. Emil Fischer na Franz Hofmeister, kila mmoja kwa njia yake, walieleza mwaka 1902 kwamba protini zimejengwa kwa vifungo vya aina hii. Umewahi kuona treni ya mizigo ya TAZARA ikipita Makambako: vishikio vinavyounganisha mabehewa ni vya namna moja toka mwanzo hadi mwisho, ilhali mizigo iliyomo inatofautiana. Vifungo vya peptidi ndivyo vishikio hivyo, na matawi ya R ndiyo mizigo.

Mnyororo mfupi ni peptidi, na mnyororo mrefu uliojikunja kwa umbo maalumu ni protini. Mpaka kati yao ni wa mazoea, na wengi huuweka kwenye asidi amino 50 hivi. Usidhani kwamba peptidi ni kitu kidogo kwa kazi. Oksitosini, ambayo wakunga humchoma mama aliyejifungua ili asivuje damu nyingi, ina asidi amino 9 tu. Vasopresini, inayoiamuru figo irudishe maji mwilini, nayo ina 9, na 7 kati ya hizo ni zilezile katika nafasi zilezile. Zinatofautiana katika nafasi ya tatu na ya nane basi, na kazi zake mwilini ni mbalimbali kabisa.

Huo mpangilio, yaani ipi imetangulia na ipi inafuata, ndio ngazi ya kwanza ya umbo. Frederick Sanger, akifanya kazi Cambridge, alikuwa wa kwanza kuusoma mpangilio kamili wa protini, nayo ilikuwa insulini. Alikuta minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21 na mwingine wa 30, iliyoshikanishwa na vifungo vya salfa kati ya sisteini na sisteini. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1958. Kabla yake, wapo wataalamu waliodhani kwamba protini ni mchanganyiko usio na mpangilio mmoja, na kazi yake ndiyo iliyoifunga hoja hiyo.

Ngazi ya pili inatokana na uti wenyewe wa mnyororo. Oksijeni ya kifungo kimoja cha peptidi huvutana na haidrojeni iliyo kwenye naitrojeni ya kifungo kingine. Mivutano hiyo ikirudiarudia kwa mpangilio, mnyororo hujisokota kuwa heliksi ya alfa, au vipande vyake hulala sambamba na kufanya bapa la beta. Linus Pauling na wenzake waliieleza heliksi hiyo mwaka 1951, na walionyesha kwamba kila mzunguko mmoja unabeba wastani wa asidi amino 3.6. Waliweza kufika huko kwa sababu walitambua kwamba kifungo cha peptidi ni bapa na hakizunguki ovyo, jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka mno.

Ngazi ya tatu ndiyo yenye utajiri zaidi, na ndiyo iliyoguswa na moto wako. Mnyororo mzima, pamoja na heliksi na mabapa yake, hujikunja ndani ya maji ya seli. Matawi yanayokwepa maji hujificha ndani, yanayopenda maji hukaa nje, chaji chanya hukaribiana na chaji hasi, na pale sisteini mbili zinapokutana huweza kufunga kifungo cha salfa. Ukikiacha hicho kifungo cha salfa, mivutano mingine yote ni dhaifu ikitazamwa mmoja mmoja, ila ikiwa mamia hulishika umbo. Ngazi ya nne hupatikana pale minyororo kadhaa iliyokwisha kujikunja inapokaa pamoja. Hemoglobini ya damu yetu ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146.

Uliniambia huzioni ngazi hizi zikifanya kazi. Tazama ugonjwa wa damu uitwao selimundu. Katika mnyororo wa beta, nafasi ya sita ilipaswa kukaliwa na asidi ya glutamiki, ambayo ina chaji na inapenda maji. Kwa mgonjwa wa selimundu imekaliwa na valini, inayokwepa maji. Ni badiliko moja kati ya asidi amino 146, nalo liko ngazi ya kwanza. Lakini valini hiyo iko nje ya molekuli, mahali pa kukutana na maji, na hemoglobini inapokwisha kuachia oksijeni, valini hiyo hupata pa kujibanza kwenye hemoglobini ya jirani. Molekuli hushikana zikawa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu ya damu hupinda kufuata nyuzi hizo. Vernon Ingram ndiye aliyegundua badiliko hilo katika miaka ya 1950. Maumivu yote anayopata mtoto mwenye ugonjwa huu yanaanzia kwenye tawi moja la R.

Sasa tulirudie yai. Joto hutikisa molekuli mpaka ile mivutano dhaifu inaachia. Mnyororo unafunguka, na matawi yaliyokuwa yamejificha ndani yanatokeza kwenye maji. Hayawezi kukaa hivyo, kwa hiyo yanashikana na matawi ya minyororo ya jirani, ambayo nayo imefunguka, na baadhi ya sisteini zinafunga vifungo vipya vya salfa na wenzao wasio wa asili. Unapatikana wavu ulionasa maji ndani yake, mgumu, unaotawanya mwanga, na kwa hiyo machoni ni mweupe. Ngazi ya nne, ya tatu na sehemu ya ile ya pili zimevurugika. Ngazi ya kwanza iko palepale.

Kuikata ngazi ya kwanza si kazi ya sufuria. Wataalamu wanaotaka kuhesabu asidi amino za protini huichemsha katika asidi ya haidrokloriki yenye ukali wa moli 6 kwa lita, kwa nyuzi joto 110, kwa muda wa saa 24 hivi. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yenu huchemka kwenye nyuzi 93 au 94, tena bila asidi. Joto hilo linatosha sana kuivisha ute, ila kwa vifungo vya peptidi ni dogo mno. Tumbo lako linaweza kuvikata kwa nyuzi 37 kwa sababu lina vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia: pepsini tumboni, kisha tripsini na wenzake katika utumbo mwembamba.

Kuhusu kipimo chenyewe, ioni za shaba hushikwa na naitrojeni za vifungo vya peptidi, na vinahitajika angalau viwili ndipo rangi itokee. Asidi amino moja moja hazitoi zambarau. Mwombeni mwalimu wenu, kama maabara ina pepsini au tripsini, mmeng'enye ute huo kwa vimeng'enya kwa muda wa kutosha na kisha mpime tena. Minyororo ikishakuwa mifupi, mtaona rangi inaelekea waridi badala ya zambarau. Rangi iliyochelewa kwenye vipande vyenu vya ute ulioiva ilichelewa kwa sababu kemikali ilipaswa kupenya ndani ya vipande vigumu.

Ute haurudi ukipoa kwa sababu minyororo imeshikana na majirani. Lakini protini iliyofunguliwa kwa uangalifu, ikiwa chache ndani ya maji mengi, inaweza kujikunja tena yenyewe. Christian Anfinsen alilionyesha hilo kwa kimeng'enya kiitwacho ribonyukliezi, chenye asidi amino 124 na vifungo vinne vya salfa. Alikifungua kwa urea na kemikali ya kukata vifungo vya salfa, akaziondoa kemikali hizo taratibu, na kimeng'enya kikarudia umbo na kazi yake. Maana yake ni kwamba maelekezo ya umbo yamo ndani ya mpangilio wenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Maziwa_Rungwe

Habari za leo, na asante sana Mwalimu. Mimi ninafanya kazi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa huku Rungwe, kwa hiyo nitajibu kipengele cha mtindi.

Mtindi na yai vinafanana kwa jambo moja: mnyororo haukatwi. Vinginevyo njia ni tofauti. Sehemu kubwa ya protini ya maziwa ya ng'ombe, kama asilimia 80, ni kaseini, na kaseini haina umbo la ngazi ya tatu lililokazwa kama protini ya ute wa yai. Kwa kuwa hakuna umbo kubwa la kufungua, moto hauigandishi, na ndiyo sababu unaweza kuchemsha maziwa mabichi yakafoka na bado ukamimina kikombeni. Kaseini inaelea kwenye maziwa kama vifurushi vidogo sana vilivyofungwa pamoja na madini ya kalisi na fosfeti, na nje ya vifurushi kuna chaji hasi zinazovifanya visukumane.

Bakteria wa maziwa wanapogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi inapozidi, hushuka kutoka 6.7 hivi. Ikifika karibu na 4.6, chaji hasi na chanya kwenye kaseini huwa sawa, vifurushi vinaacha kusukumana, vinashikana, na maziwa yanaganda. Hapo aliyefanya kazi ni asidi, si joto.

Hili tunalitumia kila asubuhi mkulima anapofika na ndoo yake. Tunachukua maziwa kidogo kwenye kichupa cha kioo, tunaongeza alkoholi kwa kiasi kilekile, tunainamisha kichupa na kuangalia ukuta wake. Maziwa mazima yanateleza bila kuacha kitu. Yaliyoanza kuchachuka, hata kama ulimi haujatambua, yanaacha punje ndogo nyeupe kwenye kioo, kwa sababu vifurushi vyake vimekwisha kupungukiwa chaji na alkoholi inamalizia. Mkulima huwa anabisha mpaka aone mwenyewe zile punje.

Jibini ni habari nyingine, na hapo Njombe mnaitengeneza. Kimeng'enya kiitwacho kaimosini hukata kifungo kimoja tu cha peptidi kwenye aina ya kaseini inayokaa nje ya vifurushi, kati ya fenilalanini ya nafasi ya 105 na methionini ya nafasi ya 106. Kipande chenye chaji kinaondoka na maji ya maziwa, na vifurushi vilivyobaki vinashikana. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka mfano wa kuganda kunakotokana na kukatwa kwa mnyororo, usiutafute kwenye mtindi; uko kwenye jibini.

Kijana_Mwanjelwa

Nawasalimu wote. Mimi si mwanafunzi, ila nafanya mazoezi ya vyuma hapa Mbeya, na nilikuja kusoma kwa sababu ya neno protini. Wazoefu waliotutangulia wanatuambia tunywe mayai mabichi, kwa kuwa moto unaua protini. Kwa maelezo ya Mwalimu, naona moto hauiui. Je, basi kuna faida yoyote ya kunywa yai bichi? Pia wapo wanaouza unga wa asidi amino kwa bei kubwa wakisema unaingia mwilini moja kwa moja. Mtu anayekula ugali na maharage anauhitaji?

AfisaLishe_Mbeya

Kaka wa Mwanjelwa, kwa habari ya yai bichi ukweli ni kinyume cha ulichoambiwa. Vimeng'enya vya tumbo vinahitaji kuufikia mnyororo ndipo viukate. Protini iliyojikunja vizuri imeficha sehemu zake nyingi, ilhali iliyofunguliwa na moto imejianika. Utafiti uliofanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998 ulipima jambo hili kwa watu, ukakuta kwamba protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa takribani asilimia 91, na ya yai bichi kwa takribani asilimia 51. Ukinywa mabichi mawili, unapoteza karibu thamani ya moja. Zaidi ya hapo, ute mbichi una protini iitwayo avidini inayoshikilia vitamini ya biotini isifyonzwe, na pia kuna hatari ya vimelea vya salmonela. Chemsha mayai yako.

Maharage yanalidhihirisha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana protini ya aina ya lektini ambayo ikiingia tumboni na umbo lake kamili huleta kutapika na kuhara. Ikichemshwa kwelikweli inapoteza umbo na sumu inakwisha. Moto wa chini usiofikia kuchemka hauiondoi. Ndiyo maana nawasihi akina mama wa Makete, Njombe na Mbeya, ambako maji huchemka kwa joto pungufu kuliko pwani, waloweke maharage usiku kucha, wamwage maji hayo, kisha wayachemshe yakitokota mpaka yaive kabisa, na wasiyaache yakivukizwa tu juu ya makaa hafifu.

Sasa unga wa asidi amino. Mwili wa mtu mzima unaweza kutengeneza baadhi ya zile 20, lakini 9 lazima zitoke kwenye chakula: histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Seli inapojenga protini inafuata mpangilio nafasi kwa nafasi. Ikifika mahali panapotaka lisini na lisini hakuna, ujenzi unasimama hata kama nyingine 19 zimejaa, na zile zilizobaki huchomwa kuwa nishati na naitrojeni yake kutoka kwenye mkojo. Mwili hauziwekei akiba.

Hapa ndipo chakula chetu cha Nyanda za Juu Kusini kinahitaji kuangaliwa. Protini kuu ya punje ya mahindi ni zeini, ambayo karibu haina lisini kabisa, na triptofani yake ni haba. Maharage yana lisini ya kutosha, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja, au hata ndani ya siku moja, kimoja kinajazia pengo la kingine. Makande ni chakula chenye mantiki nzuri ya kikemia. Kijana mwenye afya anayekula ugali na maharage ya kutosha, akaongeza yai, maziwa au usipa wa Ziwa Nyasa kila anapoweza, haoni faida yoyote katika unga huo wa bei kubwa, kwa kuwa utumbo wake unajua kukata minyororo, na peptidi za asidi amino mbili au tatu hufyonzwa vizuri kabisa.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa watoto. Mikoa yetu inalisha nchi mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na Njombe hali ni hiyohiyo. Sababu ni nyingi, zikiwamo maradhi, usafi na muda wa mama kukaa na mtoto, wala sitaki mtu aseme kwamba ni protini peke yake. Hata hivyo, uji wa sembe mtupu unampa mtoto tumbo lililojaa na lisini kidogo mno. Tukikoboa mahindi tunaondoa kiini, ambacho ndicho chenye protini iliyo bora kuliko sehemu nyingine ya punje. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, haliwezi kufidia ubora kwa wingi. Dona badala ya sembe, unga kidogo wa maharage yaliyochemshwa na kukaushwa, au yai lililopondwa ndani ya uji, ni mambo yanayowezekana katika nyumba nyingi.

MwanafunziNjombe

Asanteni sana, Mwalimu na wote. Sasa naelewa kwa nini kipimo kilitoa rangi ileile, na nimewaeleza wenzangu habari ya jibini, hawakuitarajia. Nina swali moja la nyongeza. Bibi yangu anaishi Makete na anajidunga insulini. Mwalimu amesema insulini ina asidi amino 51. Je, hii ndiyo sababu haiwezi kutolewa kama kidonge? Na kwa nini wanamwambia asiiache igande, ilhali tunajua kwamba kinachofungua protini ni joto?

Mfamasia_Mbeya

Mpe bibi shikamoo yangu. Ndiyo, sababu ni hiyo. Insulini ikimezwa, pepsini na tripsini huikata kama zinavyokata protini ya maharage, na hata vipande vilivyosalia vizima ni vikubwa mno kupenya ukuta wa utumbo. Kwa hiyo inadungwa chini ya ngozi, inakoingia damuni ikiwa na minyororo yake miwili na vifungo vyake vya salfa. Ipo peptidi moja ya kutibu kisukari cha aina ya pili, semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa njia ya kidonge, lakini imebidi ichanganywe na kemikali ya kuisaidia kupenya ukuta wa tumbo, na bado sehemu ndogo sana tu ya dawa iliyomo ndiyo hufika damuni.

Kuhusu kuganda, joto ni njia moja tu ya kuvuruga umbo. Maji yanapogeuka barafu, insulini inasukumwa kwenye nafasi finyu zilizobaki kati ya chembe za barafu, pamoja na chumvi iliyomo kwenye dawa. Molekuli zinabanwa, zinashikana, na barafu ikiyeyuka haziachani zote. Mnyororo haujakatika hapa pia, lakini kipokezi cha insulini kwenye seli kinatambua umbo, kwa hiyo dawa iliyoshikana haifanyi kazi yake sawasawa. Kibaya zaidi ni kwamba huwezi kujua kwa macho kila mara. Nyingine huonyesha vipande au mawingu, nyingine inabaki ikifanana na nzima.

Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kama bibi ana jokofu, isiguse sehemu ya kugandishia. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya jokofu, mahali penye kivuli, kwa wiki nne hivi kwa aina nyingi, na kijikaratasi kilicho ndani ya boksi kinataja muda wa aina yake. Makete mwezi wa Juni na Julai usiku huwa na sakitu, kwa hiyo chupa isiwekwe dirishani wala kwenye banda la nje. Iwe ndani, katikati ya nguo kabatini, mbali na jiko. Ikitokea imeganda hata mara moja, asiitumie. Airudishe kituo cha afya apewe nyingine, na wewe ukienda likizo mkague pamoja tarehe aliyoifungua hiyo anayotumia sasa.